Nani Alisema Ni Dhahiri

Benchi letu liko nyuma ya jengo la hisabati, pale mvuke wa mabomba unapopanda kupitia wavu wa chuma, ndiyo maana hata Novemba ya Michigan ikianza kuuma masikio, miguu ya wanaokaa hapo hubaki na joto. Zamani maprofesa hawa walikunywa chai yao ya saa tisa ghorofani. Chumba kikafungwa kwa ukarabati, wakashuka kwenye kigari changu cha kahawa; ukarabati ukaisha, hawakupanda tena. Wanasema huko juu viti ni vipya mno, mtu anaogopa kukosea akiwa amekalia kitu kipya. Hapa kila mmoja ana kikombe chake cha karatasi, boksi la donati liko katikati, na wanabishana mpaka kindi wanashuka mtini kuangalia kuna nini.

Siku hiyo hakuna aliyetulia. Bwana Zimwi alikuwa anatikisa goti mpaka benchi zima linatetema. Pingamizi alikaa, akasimama, akakaa tena, akalalamika kwamba benchi limepinda. Marisela, mwanafunzi wao, alishika donati moja kwa muda mrefu bila kuing'ata, sukari ikamwagika yote kwenye koti. Mwenye utulivu alikuwa Mzee Dhahiri peke yake, blanketi lake la miraba magotini, na yeye ndiye aliyekuwa anaondoka. Binti yake alikuwa njiani kuja kumchukua ampeleke kwake Arizona, na alishapiga simu kusema hatalala hapa, anataka kuiwahi theluji.

Mzee huyu jina lake ni Harlan Voskuil. La Dhahiri alipewa ujanani, kwa sababu pale wenzake walipoandika kurasa nne, yeye aliandika maneno mawili, "ni dhahiri", akaendelea mbele. Bwana Zimwi ni Bohdan Lysak, mwili kama mlango wa ghala, ambaye maisha yake yote amesoma kundi moja kubwa ajabu ambalo wataalamu wenyewe waliliita Zimwi. Pingamizi ni Profesa Dolores Etcheverry. Huyo hata ukimwambia leo ni baridi, atauliza baridi kulinganisha na nini. Marisela Ibarra bado hakuwa na jina. Kijiweni mtu hapewi jina mpaka akosee vizuri, na yule binti alikuwa hajui kukosea.

Mimi darasa langu liliishia la saba, lakini haya makundi yao Marisela alinieleza siku moja mtoto wangu alipokuwa amelala mgongoni. Alichukua mpira wa Zawena, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe. Akaugeuza, ukakaa sawasawa na mwanzo, kana kwamba hakuna aliyeugusa. Kuna namna sitini za kuugeuza hivyo, akasema, ukihesabu na ile ya kutoufanya chochote. Nikamuuliza kutofanya chochote kunahesabiwaje. Akasema hiyo ndiyo ya kwanza kuhesabiwa, bila hiyo hakuna kundi. Namna zote hizo pamoja ndizo kundi. Sasa makundi mengine yanavunjika, kama kumi na mbili inavyovunjika kuwa mbili, mbili na tatu. Mengine hayavunjiki. Hayo wanayaita makundi sahili, yaani mepesi, na aliyeyapa jina hilo hakuwahi kuona sura za watu wanaoyasoma. Namba zisizovunjika sisi shuleni tuliziita namba tasa, jina ambalo sikulipenda hata nikiwa mdogo, maana nilikuwa na shangazi asiyejaliwa mtoto na pale kwetu hakukuwa na mkarimu kumzidi.

Kazi kubwa ya wazee hawa ilikuwa kuyatafuta makundi sahili yote. Wakayapata: koo ndefu zisizo na mwisho, na mengine ishirini na sita ambayo hayana ukoo. Lakini kuthibitisha kwamba hakuna jingine lililojificha, hapo ndipo kwenye kazi. Maelfu ya kurasa, watu wengi, na wengi wao sasa wako makaburini. Waliobaki wanauandika upya uthibitisho wote kwa mpangilio, ili vijana wausome kabla wenye kuujua hawajaisha. Sura moja ni ya Mzee. Katikati ya sura hiyo kuna makundi mawili madogo yaliyo ndani ya kundi kubwa, na Mzee aliandika zamani: ni dhahiri kwamba hayakutani, isipokuwa kwenye ile namna ya kutofanya chochote. Akaendelea mbele.

Marisela ndiye aliyepewa kuiandika upya sura hiyo, na shahada yake inaitegemea. Akauliza kwa nini ni dhahiri. Pingamizi hajui. Bwana Zimwi hajui. Waliwaandikia wataalamu wa Uingereza na Ujerumani, nao wakajibu kwa heshima kwamba siku zote walichukulia Voskuil anajua.

Na Voskuil alikuwa ameanza kusahau.

Mwanzoni Marisela alimuuliza moja kwa moja. Mzee akaangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena, kama mtoto aliyeulizwa mbele ya darasa. Nilimwekea kahawa nyingine ili apate kitu cha kushika. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena. Kisha siku moja Bwana Zimwi, kwa usingizi tu, akasema jambo la ovyo kuhusu kundi fulani. Mzee akaruka kama aliyechomwa. Akasema huo ni upuuzi, akaeleza kwa nini ni upuuzi, na maelezo yakavuta maelezo, na kwa muda wote wa kikombe kizima alikuwa Harlan Voskuil yule wa zamani. Ukimuuliza, anapotea. Ukikosea mbele yake, anarudi.

Ndipo wakaanza kutega. Kila saa tisa wanakuja na makosa yao mfukoni, wanayatupa mmoja mmoja, na Mzee anayarekebisha, na Marisela anasikiliza. Wanatembea kulizunguka lile "dhahiri" kama watu wanaomzunguka kuku uani bila kumtisha. Nimeona wema wa namna nyingi katika nchi hii. Nimeona mtu akivua glovu zake akampa asiyemjua kituoni. Lakini wasomi wakubwa kukubali kuonekana wajinga kila siku, hadharani, wanafunzi wao wakipita, huo sikuwahi kuuona popote. Pingamizi hasa. Yule mama kukosea kwake ni kama kumeza mfupa. Siku moja alisema kwa sauti kwamba sitini ni namba tasa, wanafunzi wake wawili wakiwa wanapita pale. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Hakulifuta neno lake.

Siku hiyo ya mwisho, basi, alianza Bwana Zimwi.

— Mimi nimefikiri sana usiku, akasema. Kundi sahili dogo kuliko yote, ukiacha yale ya namba tasa, lina mia moja sitini na nane.

— Sitini, akasema Mzee bila kugeuka.

— Mia moja sitini na nane, mzee wangu. Nililiona kwa macho yangu.

— Uliliona la pili. La kwanza lina sitini. Hata Mama Zawena anajua, mpira wenyewe uko pale chini ya kigari.

Wote wakaangalia mpira. Bwana Zimwi akakubali kwa shingo upande, akaniomba nimwongezee maziwa. Kisha akamchukua Zawena mgongoni kwangu bila kuombwa, kama afanyavyo kila siku mikono yangu ikijaa, akamkalisha kwenye goti lile lile lililokuwa linatikisika. Mtoto akacheka, akadhani anabembelezwa.

— Sawa, sitini, akaingilia Pingamizi. Ila kila kundi sahili la namna hiyo, idadi yake inagawanyika kwa tatu. Hapo hakuna ubishi.

— Upo. Kuna ukoo mzima unaoikimbia tatu. Mzee alimgeukia. Dolores, uliufundisha wewe mwenyewe ukoo huo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa.

— Labda nimesahau.

— Labda, akasema Mzee, akamwangalia usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alieleza habari za ukoo ule, na mkono wake ukawa unakata hewa vipande vipande. Marisela alisogea mpaka ukingoni mwa benchi. Nilidhani Mzee atafika kwenye lile "dhahiri", kwa kuwa alitaja mbili, na mambo yao yote mazito yako kwenye mbili. Lakini mashine ya kupulizia majani ikaanza kunguruma upande wa maktaba, Mzee akapoteza uzi, akauliza kama hizo ni mashine za kuvuna. Bwana Zimwi hakumwacha akae na hilo swali. Haraka akasema jambo baya zaidi: kwamba kati ya makundi sahili yapo madume na majike, na majike idadi yao ni witiri.

— Zote ni shufwa, akasema Mzee, na mashine za kuvuna zikamtoka akilini. Ukiacha namba tasa, zote ni shufwa. Watu walijaza jarida zima kulithibitisha hilo na wewe unaniletea majike.

— Basi lile Zimwi langu limeyameza yote ishirini na sita.

— Ishirini, na lenyewe likiwemo. Sita yalikataa.

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha, Mzee. Hayo sita yalikuwa yanajuana nalo.

Methali hizi nimewafundisha mimi, na wanazitumia wanavyotaka.

— Bohdan, akasema Mzee kwa upole, halikuli likakwisha maana yake linakula, ila linabakiza. Hayo sita halikuyagusa hata kidogo. Methali yako haifai, na hesabu yako haifai.

Hayo sita wenyewe wanayaita waliotengwa. Nikisikia neno hilo huwa naangalia pembeni. Pingamizi aliwahi kuniona nikifanya hivyo, akaniambia nisisikitike, kwamba hayo ndiyo yaliyopendwa zaidi, kwa kuwa kila moja lilibidi litafutwe peke yake.

Wakaendelea. Pingamizi akadai yale ishirini na sita yote ni makosa ya uchapaji. Bwana Zimwi akadai aliwahi kuliona kundi sahili ndani ya chembe ya theluji, likayeyuka kabla hajalihesabu. Mzee akasema chembe ya theluji ina namna kumi na mbili tu na inavunjika kama biskuti, na kwamba mtu anayeona makundi sahili kwenye theluji apumzishwe. Alisema hivyo bila kucheka. Muda ulikuwa unakwenda. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, vichwa vitatu viligeuka.

Ilibaki kosa moja tu ambalo hawakuwahi kulitupa, na walilihifadhi makusudi. Waliogopa kulitumia vibaya. Asubuhi walikubaliana mbele ya kigari changu kwamba Marisela alitupe mwenyewe, sura ni yake. Yeye akasema hajui kudanganya. Pingamizi akamwambia hamdanganyi, anamfungulia mlango.

Marisela aliweka donati chini.

— Mzee, nimeimaliza ile sura.

— Vizuri.

— Nimeandika kwamba yale makundi mawili yanakutana. Sauti yake ilikuwa inamtoroka. Si kwenye kutofanya chochote peke yake. Yanakutana kwenye kundi dogo lenye nane.

Bwana Zimwi aliacha kutikisa goti. Sikuwahi kuliona goti lile limetulia. Tulikuwa tunangoja Mzee aruke. Tulikuwa tunangoja ile "upuuzi" yake, na baada ya upuuzi ije kwa nini.

Mzee alinywa kahawa. Akafuta mdomo.

— Ndiyo, akasema. Yanakutana.

Mvuke ulikuwa unapanda, mashine ya majani imezimwa, na mahali fulani juu mtu alifunga dirisha.

Pingamizi alijaribu.

— Harlan, sikiliza. Anasema yanakutana. Kwenye nane.

— Nimesikia. Masikio yangu hayana shida. Yanakutana.

Pingamizi akageukia ukuta, na nikamwona anafuta pua kwa karatasi ya donati. Bwana Zimwi alisogea kwenye kigari, akanirudishia mtoto taratibu, akaninong'oneza.

— Basi tena, mama. Taa imezimika.

Marisela ndiye aliyenichoma moyo. Yeye mwenye hasara kuliko wote hakusogea. Blanketi lilikuwa limeteleza, akalivuta, akalifunga vizuri magotini kwa Mzee, akasema asante Mzee, umenisaidia. Mzee akasema si kitu.

Gari likaja wakati huo huo. Mwanamke alishuka akaliacha linanguruma, taa zinawaka, mlango wazi, koti lake jepesi la watu wa jua. Huyo ndiye Corinne, binti wa Mzee. Kazi yake ni kusafisha meno ya watu, na hesabu, alituambia mwenyewe, aliikimbia akiwa mdogo kwa sababu kule nyumbani ilikuwa inakaa kwenye kila kiti. Akambusu baba yake kichwani. Akatuangalia.

— Mbona mko kama msibani?

Hakuna aliyetaka kujibu mbele ya Mzee. Pingamizi akamvuta mpaka kwenye kigari changu, akamweleza kwa sauti ya chini, yote: sura, neno dhahiri, jinsi wanavyotega, kosa la mwisho, na jinsi baba yake alivyolikubali. Corinne alisikiliza huku ameshika kikombe nilichompa. Nilidhani atalia. Akauliza.

— Nani alisema hayakutani?

— Imeandikwa. Ni dhahiri kwamba hayakutani.

— Nani aliandika ni dhahiri?

Pingamizi alimtazama Mzee kule benchini.

— Baba yako.

— Alithibitisha?

— Hapana. Aliandika ni dhahiri.

— Na kuna mwingine aliyethibitisha?

— Kila mtu alidhani... Hapana.

— Na leo baba huyo huyo anasema yanakutana. Corinne hakusema kwa ubishi. Alikuwa anauliza kweli, kama anavyomuuliza mgonjwa jino lipi linauma. Sasa mnajuaje kwamba amekosea leo, na si siku ile?

Nimewaona watu hawa wakibishana kuhusu vitu ambavyo mbingu yenyewe haina nafasi ya kuvikalisha. Sikuwahi kuwaona wamekosa neno. Pingamizi, mwenye pingamizi kwa kila kitu duniani, aliangalia kifuniko cha kikombe.

— Kama yanakutana, akasema Bwana Zimwi hatimaye, polepole, uthibitisho una tundu. Na kama una tundu, huenda kuna la ishirini na saba.

— Acha, Bohdan, akasema Pingamizi.

— Limekaa tu mahali, halijulikani.

— Nimesema acha.

Sikujua kama alikuwa anatega au anaamini. Nadhani hata yeye hakujua. Marisela alikuwa ameshanyanyuka. Alisema kwa haraka, maneno yakipandana, kwamba si lazima liwepo la ishirini na saba, huenda mwisho ni ule ule na njia ndiyo nyingine, kwamba kama yanakutana kwenye nane basi anajua pa kuanzia, kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anasukuma mlango unaofunguka kwa kuvuta. Au hakuna mlango kabisa, akasema, na Mzee amechoka tu. Akaniomba chaki. Zawena ana chaki zake nene za rangi, za kuchorea lami. Nikampa ya bluu na ya pinki. Akapiga magoti pale pale kando ya wavu wa mvuke, akachora duara mbili zilizoingiliana.

Corinne alirudi kwa baba yake, akachuchumaa mbele yake.

— Baba, twende. Theluji inakuja.

Mzee akamvuta karibu. Alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayezungumzia hali ya mgonjwa na mgonjwa yupo, ila mimi nilikuwa karibu nafuta kaunta.

— Siwezi kwenda, Corinne.

— Tulishakubaliana, Baba.

— Waangalie hawa. Dolores alikuwa na akili kuliko sisi sote, na leo kasahau ukoo mzima. Bohdan ndiyo usiseme, hata sitini haijui, na sasa anaona mambo ndani ya theluji. Wameanza kusahau, mwanangu. Nakuja kila siku nawarekebisha, na kesho yake wamesahau tena. Sitaki kuwaaibisha. Nikiondoka, nani atawavumilia?

Corinne aliinua uso. Pingamizi alikuwa amesimama nyuma yake na alisikia kila neno. Nikamwangalia yule mama mwenye tuzo zake ukutani ghorofani, nikaona shingo inakuwa nyekundu kama siku ile.

— Ni kweli, akasema Pingamizi. Siku hizi nasahau sana.

— Unaona, akasema Mzee.

Corinne akakaa chini, kwenye lami, mgongo wake ukiegemea miguu ya baba yake. Gari lilikuwa bado linanguruma. Baadaye akajikaza, akasema basi, kahawa moja ya mwisho na wanaondoka. Akanipa kikombe cha Mzee.

Nilibonyeza kichwa cha chupa ya kahawa. Ikakohoa. Nikabonyeza tena, ikatoa ule mluzi wa hewa tupu ambao kila mtu wa kijiwe hiki anaujua, kwa kuwa ndio unaotufungia siku. Mzee alikuwa amekaa karibu kuliko wote, na mwenyewe alikuwa ameshasema masikio yake hayana shida. Kule chini Marisela alikuwa amefuta duara zake kwa mkono wa koti na anazichora upya, midomo inacheza, hana habari na mtu. Ningesema kahawa imekwisha, wangenyanyuka wote.

— Ipo bado, nikasema.

Nilingoja anirekebishe. Mtu huyu hajawahi kuacha kosa lipite, hata methali yangu, hata hesabu ya donati. Aliangalia chupa. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Marisela aliyepiga magoti.

— Basi nimiminie, akasema. Taratibu, tusimharakishe.

Nikashika kikombe chini ya mdomo wa chupa kwa muda unaotosha kukijaza, nikampa. Akakipuliza. Akanywa.

Pingamizi alikuwa anatuangalia. Alinisogelea, akaweka mkono juu ya chupa, akaiinua kidogo, wepesi wake ukamjulisha.

— Mama Zawena, akaniuliza polepole, hii si ilikuwa tupu?

Nilifuta kaunta. Alimtazama Mzee na kikombe chake, kisha akazitazama zile duara mbili za chaki, akarudi kwa Mzee, na mkono wake ukapanda mdomoni ukabaki hapo. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nadhani alikuwa anahesabu upya makosa yote tuliyotupa kwenye benchi hilo, lipi lilirekebishwa, lipi liliachwa, na liliachwa kwa sababu gani. Kisha akaikunja sketi yake nzuri, akapiga magoti kwenye lami baridi, akanyoosha mkono kuomba chaki ya pinki.

Corinne alikwenda kuzima gari.